Ile ya Matanga

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kibanda cha fundi wa simu pale mjini, nikisubiri kioo cha simu yangu kibadilishwe, na yule dada fundi akawasha chuma chake cha kuunganishia waya. Risasi ikayeyuka, moshi mwembamba ukapanda, nikashika ukingo wa meza yake. Aliponiuliza kama niko sawa nilimwambia ni jua. Nyinyi wa rika langu, mliokua wakati redio ikipelekwa kwa fundi kama mgonjwa anavyopelekwa hospitali, mnaijua harufu hiyo. Ni tamu kidogo, kali kidogo, na inakaa puani mpaka jioni. Kwangu mimi ni harufu ya baba. Sipendi kuikumbuka, kwa sababu nikimkumbuka baba ni lazima nikumbuke na nilichomfanyia.

Baba alikuwa fundi wa redio, na karakana yake ilikuwa chumba chetu cha mbele kule Kiwanjani, mtaa wa Isiolo. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Aliongea na wateja huku skrubu nne au tano zikiwa katikati ya midomo yake, na ajabu ni kwamba tulimwelewa. Akifungua redio, kitu cha kwanza alikuwa anainusa. Aliinama, akafumba macho, akasema, "Imeungua hapa," kabla hata hajagusa mita yake ya kupimia umeme. Watu walileta redio kutoka Kipsing na kutoka Merti, zimejaa vumbi, zimejaa mende, moja ilikuwa na mjusi mzima aliyejijengea maskani nyuma ya spika. Baba alimtoa kwa adabu, akamwachia nje, kisha akamwambia mwenye redio kwamba amepoteza mpangaji.

Lazima niseme kuhusu lugha, maana balaa lote lilitoka huko. Baba alikuwa wa zile familia za Kisomali zilizoletwa Isiolo na vita vya mkoloni, babu yake akiwa askari. Mama ni Mborana wa Korbesa. Kila mmoja aliijua kidogo tu lugha ya mwenzake, kwa hivyo lugha ya nyumba ikawa Kiswahili, na kila mtu alikivunja kwa namna yake. Mama alisema "watu ya mji" na "mtu ya maziwa," baba alichanganya na Kisomali akichoka. Mimi nilimwita baba Aabo, na yeye pia aliniita Aabo, kama Wasomali wanavyowarudishia watoto wao jina lile lile. Kiswahili cha kwetu kilitosha kununua, kugombana na kupendana. Hatukujua kwamba kina vyumba vingine ambavyo hatujawahi kuingia.

Siku moja gari la mzungu mzee lililokuwa likielekea kaskazini lilisimama mbele ya nyumba yetu. Redio yake ya mawasiliano ilikuwa imekufa. Alikuwa na jina ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, na ndevu nyeupe mpaka kifuani, basi baba akamwita Mzee, na sote tukamwita Mzee. Mimi alinipa biskuti zenye chumvi ambazo nilizitema nyuma ya nyumba. Baba aliinusa redio yake, akaifungua, akaitengeneza kabla chai haijapoa. Mzee akakaa akimtazama kwa muda mrefu, halafu akamwambia kwamba yeye nyumba yake ni boti, iko Pwani, imefungwa kwenye mkono wa bahari huko Kilifi, na kila kitu chenye waya ndani yake kimekufa. Akamtaka baba aende akaishi naye huko miezi michache amtengenezee.

Mama hakulala vizuri wiki hiyo. Korbesa iko karibu na mto Ewaso Nyiro, na mdogo wake mama alichukuliwa na mafuriko akiwa anachota maji, hata kitambaa chake hakikuonekana tena. Kwa mama, maji yanayotembea yalikuwa adui aliyeua mtu wa nyumbani. Mwishowe alimkubalia baba kwa sharti moja, na alilisema nikiwa nimekaa pale pale, nikimenya kitunguu.

"Tengeneza hiyo vitu ukiwa kando, mahali boti imefungwa," alisema. "Lakini siku utataka kuingia ndani kabisa, kwa ile maji kubwa, uniulize kwanza. Nikikataa, umekataliwa."

"Wallahi, nitakuuliza," baba alisema.

"Na nikikataa?"

"Basi siendi. Nitarudi hapa ninuse redio za Kipsing."

Akaenda. Simu za mkono wakati huo zilikuwa za kuhesabu. Mtaani kwetu iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mama Halima mwenye duka, mlango wa tatu kutoka kwetu, na aliining'iniza shingoni kwa kamba mithili ya hirizi. Baba alipiga kila Jumamosi baada ya alasiri. Mama alikataa kabisa kuongea naye pale. "Mambo ya bwana yangu siwezi kusema mbele ya unga na sukari," alisema, na watu waliokuwa dukani walicheka. Kwa hivyo alinituma mimi, niliyekuwa na miaka tisa, msichana wa kwanza, mwenye kichwa cha kushika maneno. Nilikuwa sikio lake na mdomo wake, na nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote shuleni.

Jumamosi ya kwanza baba aliniambia kwa furaha, "Aabo, chombo cha Mzee ni kizuri sana lakini kimechoka. Nitakitengeneza."

Nikakimbia nyumbani nikamwambia mama, "Aabo anatengeneza chombo ya Mzee." Mama akaacha alichokuwa akifanya. Kwetu vyombo ni sufuria na sahani. "Ameenda mpaka Pwani kutengeneza sufuria?" akauliza. Jumamosi iliyofuata nilipomfikishia baba swali hilo, alicheka mpaka akakohoa, akaeleza kwamba watu wa Pwani wakisema chombo wana maana ya boti pia. Tulicheka naye wiki nzima. Laiti kicheko hicho kingenifundisha kitu.

Kiswahili chake kilibadilika Jumamosi hadi Jumamosi. Alianza kusema "mamako" na "hivyo hivyo" na kuvuta maneno kama aliyezaliwa huko. Alinisimulia kazi yake nami nikaipeleka nyumbani neno kwa neno. Alisema chumvi inakula shaba, kwamba waya ukiuona kwa nje ni mzima, ukiukata ndani umegeuka unga wa kijani. Alisema kuna chombo kinachopiga sauti kuelekea chini na kusikiliza mwangwi ili kujua maji yana kina gani, na kwamba alikinusa, akajua kimeingia maji ya bahari, akakiosha kwa maji matamu na kukianika juani kama nyama. Kulikuwa na mashine ya kushika usukani yenyewe mtu akilala, na hiyo ilimshinda wiki tatu. Alipata ugonjwa wake kwenye fyuzi iliyofichwa chini ya kitanda cha Mzee, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeiweka.

"Ako ndani ya maji?" mama aliniuliza kila mara.

"Amesema boti imefungwa na kamba, Mama."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

Hapo alitulia.

Halafu zikaingia zile boti nyingine. Siku hiyo baba hakuongea kuhusu waya hata mara moja. Alisema jana imekuja boti ya tajiri, nyeupe, ghorofa tatu, ina bwawa la kuogelea juu yake, watu wanaogelea ndani ya maji yaliyo juu ya maji. Taa zake zinawaka mpaka chini, samaki wanakuja kuzitazama. Yeye alikaa juu ya boti ndogo ya Mzee na chuma chake mkononi mpaka kikapoa, akiitazama tu. Alisema hataki kuogelea wala kulala humo. Alitaka mtu amfungulie kile chumba cha waya zake dakika kumi, aone wamezipanga vipi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona Makka kwa mbali.

Alitutumia picha kupitia kwa dereva wa basi. Baba amekaa juu ya boti ya Mzee, shati limefunguka, ana skrubu mdomoni kama kawaida yake, na nyuma yake kuna ukuta mweupe wenye madirisha meusi. Mimi nilidhani ule ukuta ni hospitali. Nilimwonyesha kila rafiki yangu, nikisema baba anafanya kazi karibu na hospitali kubwa ya Pwani. Aliponirekebisha kwenye simu, kwamba ile yote inaelea na inaweza kuondoka, sikumwamini. Nyumba haiondoki. Mama aliibandika picha ndani ya mlango wa kabati, na nilimkuta mara mbili akiwa amefungua kabati bila kutoa kitu.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Mama Halima alinipa simu, nikaenda kusimama karibu na magunia ya mahindi ambako mtandao ulishika vizuri kidogo. Mstari ulikuwa mbaya. Baba alikuwa anaongea haraka na upepo ulikuwa unampiga.

"Aabo, sikiliza vizuri. Mwambie mamako ile ya matanga imekwisha kuwa tayari. Inaondoka Jumatatu."

"Matanga?"

"Ee, matanga. Mwambie hivyo hivyo."

"Ya nani?"

"Ya Mzee. Ya nani tena?"

Kiwanjani neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Matanga ni hema limepigwa mbele ya nyumba, viti vimekodishwa, wanawake wanapika kwenye masufuria makubwa, mtu amekufa. Ulisikia kila wiki kwamba matanga iko kwa kina fulani, na ukipita hapo ulipunguza sauti. Nikaziona zile ndevu nyeupe, nikaona haya kwa sababu ya zile biskuti nilizotema.

"Pole, Aabo," nikasema.

"Pole ya nini? Sijaamua bado. Muulize mamako, niende au nisiende? Akisema nisiende, siendi. Tunaenda mpaka Sh..." Hapo upepo ukalimeza neno, na nilichosikia ni shambani. "Nitapiga kesho saa tisa unipe jibu lake. Usisahau hata neno moja."

Sikusahau hata neno moja. Ndiyo iliyokuwa shida.

Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Nilimwambia kwamba Mzee amekufa, matanga ni Jumatatu, watampeleka shambani, na Aabo anauliza aende au asiende. Mama akasimamisha mikono. Alisikitika kwa kweli, akasema yule mzungu alikuwa mtu mzuri, alikunywa chai yake bila kukunja uso. Halafu akatabasamu kidogo.

"Na tangu lini baba yako ananiomba ruhusa ya matanga?" akasema. "Pwani imemfundisha adabu." Akarudia kukanda. "Matanga hakuna mtu hukatazwa. Mwambie aende. Awape pole watu ya Mzee. Na asirudi mbio mbio kama mtu ametoroka, akae mpaka wamalize."

Jumapili saa tisa nilimpelekea baba jibu hilo, lote. Tuliongea kwa muda mfupi, akakata.

Tulimngoja Jumamosi hiyo, na iliyofuata. Mama Halima alisema wazungu huzika haraka, lakini huenda wana mambo yao ya baadaye kama sisi. Mama alikubali. Mimi nilikaa juu ya gunia la mahindi kila Jumamosi, simu ikilia nainuka, ni mtu mwingine. Mwezi ukaisha. Mama akaacha kuniuliza nilipoingia mlangoni, akawa ananisoma uso tu. Nambari ya baba ilisema haipatikani, ikasema hivyo mpaka mvua zikaja.

Aliyekuja mwishowe ni mtu wa Kilifi, Bwana Omari, aliyekuwa akipaka rangi boti huko na alikuwa rafiki ya baba. Alileta mkoba wa baba wenye mita yake na nguo mbili. Alitoa salaam, akakaa ukingoni mwa kiti, akapewa chai.

"Mama, pole," akasema. "Waliondoka wawili, yeye na Mzee, kwenda Shelisheli. Ilikuwa safari ya miezi mitatu kwenda na kurudi. Huko ndiko zinakojikusanya boti kubwa za matajiri, na Mzee alimwahidi atamtafutia kazi katika moja. Watu wa bandari wamepiga simu kila mahali. Hawakufika. Hatujui."

"Yeye na Mzee gani?" mama akauliza.

"Mwenye boti."

"Huyo si alikufa?"

Bwana Omari akamtazama mama, akanitazama mimi. "Hapana, mama. Alikuwa mzima. Ndiye aliyeshika usukani wakitoka."

Mama aliweka birika chini taratibu sana. "Bwana yangu aliniambia anaenda kumzika," akasema.

Bwana Omari akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mzima, nadhani alidhani anaelewa, kwamba rafiki yake alimdanganya mkewe apate kusafiri, na hakuna mgeni anayetaka kukaa katikati ya jambo kama hilo. Alimaliza chai iliyomchoma, akaaga. Mimi nilikuwa nimekaa pale na sikuelewa chochote zaidi ya mama. Nami niliamini kwamba Aabo alinidanganya mimi kwanza, kwa sauti yake mwenyewe, ili nimdanganye mama.

Mama alifungua kabati, akaibandua ile picha, akautazama ule ukuta mweupe. "Ameona nyumba ya kuelea," akasema, "akaona yetu ni ya matope." Akaitia ndani ya jiko.

Tangu siku hiyo baba akapoteza jina lake. Kwa mama alikuwa "yule muongo." Hakuamini kwamba amezama. Alisema muongo hazami, ako Shelisheli anakula samaki na mwanamke mwingine. Ukapita muda, watu wa baba wakaja, kaka yake mkubwa akasema yafaa wamsomee dua na mama akae eda kama mjane yeyote. Mama akawakaribisha, akawapa maziwa, akawaambia mtoro hakaliwi eda. Dua ilisomwa kwa huyo baba mkubwa. Sisi hatukwenda. Nilisikia sauti za "amin" kutoka mtaa wa pili nikiwa naosha vyombo, sufuria na sahani.

Nilikuwa darasa la saba tulipopata mwalimu wa Kiswahili kutoka Pwani, mtu mpole aliyelalamika baridi ya asubuhi ya Isiolo kana kwamba tuko mlimani. Siku moja alituchorea boti ubaoni. Akaandika mlingoti, akaandika nanga, akachora kitambaa kikubwa chenye tumbo, akaandika tanga.

"Tanga hushika upepo, chombo kikaenda," akasema. "Wingi wake?"

"Matanga," darasa likajibu, kisha likalipuka kwa kicheko, maana kila mtu alikuwa anafikiria hema na viti vya kukodi. Mwalimu akacheka nao. Akasema haya ni maneno mawili yanayofanana sura, na mtu asiyeuliza ni lipi anaweza kubeba msiba kwenda harusini.

Niliomba ruhusa. Nilienda nyuma ya darasa nikayarudia maneno ya baba moja moja. Ile ya matanga. Boti ya Mzee ilikuwa ya matanga, na zile za matajiri zilikuwa za injini, na baba alikuwa ananieleza ni ipi inayoondoka Jumatatu. Aliuliza kama alivyoapa. Aliuliza kwa maneno yaliyo wazi, na mimi ndiye niliyemuua Mzee, nikampiga hema, nikamzika shambani.

Nilitembea nyumbani nikiwa nimeamua kumwambia mama. Nilimkuta mlangoni na wanawake watatu wa jirani, na alikuwa anawasimulia hadithi ya mzungu aliyezikwa akiwa hai. Kwa miaka hiyo alikuwa ameshaipamba. Aliigiza Bwana Omari na chai yake ya moto, akaigiza mzungu akifufuka kushika usukani. Wanawake walikuwa wanapangusa machozi kwa kucheka, na mama pia alikuwa anacheka, mama ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile simu. Nikapita nikaingia ndani. Nikajiambia kesho. Mjumbe hauawi, husema watu, lakini husema hivyo kwa mjumbe aliyefikisha ujumbe.

Kesho haikuja. Ninyi mnajua jinsi siri inavyoota mizizi, mwaka wa kwanza unaweza kuing'oa kwa vidole, wa kumi unahitaji shoka. Nilikuwa naogopa, hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Hasira ya mama ilitulea. Aliamka nayo saa kumi na moja kwenda kupokea maziwa yaliyotoka malishoni, akayauza nayo, akatulipia karo nayo, akakataa kuhurumiwa nayo. Niliona kwamba nikiiondoa, sijui nini kitabaki kimesimama. Na asiyekuwepo na lake halipo. Baba hakuwepo kujitetea, basi nikamwacha abebe uongo wangu. Siku ya ndoa yangu shekhe alipotaka kumtaja baba katika dua, mama aliinua mkono, "Huyo muache," na mimi bibi harusi niliinamisha kichwa watu wakadhani ni haya.

Kwa hivyo mwezi uliopita nilitoka kwenye kile kibanda cha fundi, kioo kikiwa kipya, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anaupapasa kwa vidole. Nilikaa chini karibu naye nikamwambia yote, kuanzia chombo mpaka matanga. Sikulia. Niliongea kama mtu anayetoa ushahidi.

Mama hakusimamisha vidole vyake mpaka nilipomaliza. Halafu akakaa na punje moja ya jiwe kati ya kidole na kidole.

"Kwa hivyo aliniuliza," akasema.

"Alikuuliza, Mama. Ni mimi sikuelewa. Nilikuwa mtoto."

"Aliniuliza." Alikuwa haongei na mimi. "Aliapa ataniuliza, na akauliza. Na mimi nikasema aende."

"Hukujua."

"Nikasema asirudi mbio. Akae mpaka wamalize."

Nilimshika mkono, akautoa, si kwa ukali, alivyoutoa ni kama mtu anayetafuta kitu kingine cha kushika. Nilikuwa nimekwenda pale, naona sasa, kutua mzigo wangu. Niliutua, naye akauokota mbele ya macho yangu, na yeye ni mzee.

"Hiyo hasira ilikuwa yangu," akasema baadaye. "Ilinitosha. Kwa nini umekuja kuninyang'anya?"

Nilivuta sinia nikaanza kuchambua mchele uliobaki.

Asubuhi yake alivua bangili zake zote akaziweka juu ya kabati, akaniambia nimnunulie kitambaa cheupe kisicho na maua. Anakaa eda. Nilimwita shekhe azungumze naye, naye alimweleza kwa heshima kwamba eda huhesabiwa tangu mume afe, kwamba hiyo ilikwisha pita zamani, Mungu hamdai chochote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Ilipita," akasema, "lakini mimi sijaikaa." Shekhe akanitazama, akachukua fimbo yake akaenda.

Sasa ni wiki ya tatu. Hatoki, hapokei wageni, na zile hadithi zake za mzungu aliyefufuka zimekwisha. Mimi ndiye ninayempelekea chakula, na anakula kidogo sana. Watu wananiuliza mama anaomboleza nani baada ya miaka yote hii, nami nawaambia hajisikii vizuri. Jana mchana nilimpelekea chai ya maziwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Siku ile ulimpelekea jibu yangu," akasema, "alisema nini?"

Hilo hakuwahi kuniuliza, na sikuwahi kumwambia mtu. Siku ile baba alisema, "Nilidhani atakataa." Akaniuliza kama mama alilia. Nikamwambia hapana, alitabasamu, alikuwa anakanda unga. Upepo ukapiga kwenye simu. "Nilikuwa nataka akatae, Aabo," akasema. "Basi. Msalimie."

Mama alikuwa amenigeuzia uso, macho yake yasiyoona vizuri yakinitafuta.

"Alifurahi," nikasema. "Alisema asante."

"Hakusema kitu ingine?"

"Hapana, Mama."